Kamba, Msumari na Skrubu: Historia ya Kukaza Nyumba katika Bukoba na Muleba

Historia ya ujenzi katika Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, kwa kawaida huandikwa kwa kufuata kile kinachoonekana kwa mbali, yaani paa na kuta: nyasi zilipisha bati, na fito na matete vilipisha tofali za kuchoma. Upo mkondo mwingine, uliofichika kwa sababu umo ndani ya viungo, nao ni ule wa vitu vinavyoshikanisha sehemu za nyumba, kuanzia kamba ya msonge, kupitia msumari, hadi skrubu nyeusi ya jipsamu pamoja na mashine ya betri inayoizungusha. Makala hii inafuata mkondo huo, ikiuliza katika kila zama ni nani, au ni chombo gani, kilichoamua kiungo kikazwe kwa kiasi gani, kwa kuwa jibu la swali hilo ndilo linaloeleza kwa nini mashine hiyo ya mwisho ina umbo ililo nalo, na kwa nini fundi anayeichagua kwa kutazama nguvu zake peke yake huishia kuharibu kazi.

Nchi hii haikuwahi kukosa chuma. Pwani ya magharibi ya Ziwa Viktoria ni miongoni mwa maeneo ya Afrika Mashariki ambako uyeyushaji wa chuma una umri mkubwa. Uchimbaji wa akiolojia ulioongozwa na Peter Schmidt huko Katuruka, na baadaye kuizunguka Ghuba ya Kemondo, ulifukua mabaki ya tanuri za Zama za Awali za Chuma, ambazo umri wake unakaribia miaka 2,000. Mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery walichapisha katika jarida la Science makala iliyoeleza jinsi wazee wa Kihaya, waliojifunza kazi hiyo ujanani kabla haijafifia mbele ya vyuma vya kigeni, walivyojenga tanuri upya na kuyeyusha chuma mbele ya watafiti. Shimo la tanuri lilijazwa matete ya bwawani yaliyochomwa, juu yake ukasimamishwa ukuta wa udongo wa kichuguu na mabonge ya mavi ya chuma, yaani uchafu unaoganda baada ya uyeyushaji, kisha mirija ya udongo inayopitisha hewa ya mivukuto ikaingizwa ndani sana ya moto, kiasi kwamba hewa ilipata joto kabla ya kuufikia mkaa. Waandishi hao walidai kwamba kupashwa joto kwa hewa ndiko kulikotoa feleji, yaani chuma kigumu chenye kaboni kidogo, na dai hilo lilizua mjadala mrefu miongoni mwa wataalamu. Hata hivyo, hakuna upande uliotilia shaka kwamba wahunzi wa eneo hili walitengeneza metali ya kutosha mahitaji yao. Metali hiyo ilikwenda kwenye majembe, mikuki, mashoka na visu. Haikwenda kwenye nyumba.

Nyumba ya Wahaya, omushonge kwa lugha yao na msonge kwa Kiswahili, ilikuwa kuba la nyasi lililotoka kileleni hadi karibu na ardhi bila ukuta wa pekee. Mifupa yake ilikuwa fito na matete yaliyopindwa na kufungwa kwenye pete zilizozidiana kwa ukubwa, ndogo juu na pana chini, huku nguzo za ndani zikibeba uzito na kuta nyepesi za matete zikitenga sehemu ya watu na ya mifugo. Nyasi zilitoka rweya, yaani nyika wazi isiyofaa migomba iliyo kati ya kijiji na kijiji, na vifungo vilitoka kwenye maganda ya mgomba, magome ya miti na mimea ya mabwawani, hivyo karibu kila kilichoishikilia nyumba kilipatikana ndani ya kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani, au hatua chache nje yake. Mfungaji alikaza kwa mkono na kwa uzito wa mwili wake, akijua kwamba gome lenye unyevu litajikaza zaidi likikauka, na kwamba akizidisha, ufito mchanga utapasuka. Kiasi cha kukaza kilikuwa maarifa ya kiganja, yaliyopatikana kwa kufanya kazi kando ya mtu aliyeyajua. Moshi wa jiko uliokaa darini uliwafukuza wadudu na kurefusha umri wa kamba, na pale kifungo kilipooza kilikatwa na kufungwa kingine, bila sehemu ya pembeni kuguswa.

Sifa hii ya mwisho inastahili kusisitizwa, kwa sababu waandishi wengi wa enzi ya ukoloni walioieleza nyumba ya nyasi waliihesabu kuwa ya muda, ilhali kwa hakika ilikuwa nyumba ya kufanyiwa ukarabati usiokoma, iliyoweza kuishi muda mrefu kwa kubadilishwa kidogo kidogo. Kukosekana kwa chuma ndani yake hakukuwa upungufu wa ujuzi. Msumari usingeweza kushika tete, na jembe moja lilikuwa na thamani kubwa kuliko vifungo vyote vya nyumba.

Chuma kiliingia kwenye jengo katika hekaya tu. Simulizi zilizokusanywa Katuruka humhusisha Rugomora Mahe, mtawala wa Kyamutwara ambaye wanahistoria humweka katika karne ya 17, na mnara wa chuma alioamuru wahunzi wausimamishe ili afike mbinguni, mnara ambao ulianguka na kuua watu. Uchimbaji wa mahali panapotajwa na simulizi hiyo ulifukua mabaki ya ufuaji wa chuma yaliyotangulia utawala wa Mahe kwa karne nyingi, jambo lililopafanya mahali hapo pajulikane mbali. Kwa historia ya ujenzi, hata hivyo, kinachovutia ni kwamba jengo pekee la chuma katika kumbukumbu za nchi hii linakumbukwa kwa kuporomoka.

Msumari ulianza safari yake kama mzigo wa mpagazi. Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani Bukoba mwishoni mwa mwaka 1890, na mwaka 1892 Mapadri Weupe walifungua misheni ya Kashozi, kaskazini mwa mji; wakati huo bidhaa za pwani zilikuja kwa miguu kupitia Tabora, mwendo wa miezi, na kwa kuwa mpagazi mmoja alibeba kilo 30 hivi, bawaba, makomeo, misumeno na misumari viligombea nafasi na nguo, dawa na risasi. Mambo yalibadilika reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901 na meli za mvuke zikaanza kuzunguka ziwa, kwani tangu hapo kasha la misumari lililoteremshwa Mombasa liliweza kufika ufukwe wa Bukoba kwa behewa na meli bila kubebwa kichwani hata siku moja. Mji uliokuwa mwisho wa njia ya misafara ukawa bandari, na wafanyabiashara wa Kihindi wakafungua maduka ambayo baadhi ya majengo yake bado yanasimama katikati ya mji. Nje ya mji, ikulu ya Kanazi, iliyojengwa na Wajerumani kwa ajili ya Omukama, yaani mfalme, Kahigi wa Kianja, na seminari ya Rubya katika Ihangiro, ambayo sasa imo wilayani Muleba, ziliwaonyesha watu wa vijijini paa lililosimama juu ya kenchi, yaani pembetatu za mbao zilizounganishwa ili zibebe paa zima na kulishusha juu ya kuta.

Lakini aliyeupeleka msumari kwenye nyumba ya mkulima ni buni. Kahawa aina ya robusta, ambayo Wahaya waliilima na kuitafuna kwa heshima tangu zamani, iligeuka zao la fedha chini ya Wajerumani na kisha Waingereza, na bei nzuri za miaka ya 1920 ziliweka fedha mikononi mwa kaya nyingi kwa mpigo. Sehemu ya fedha hizo ilikwenda kwenye bati. Bati halifungiki kwa gome la mti. Hudai papi, yaani mbao nyembamba zinazolala juu ya kenchi, na hudai msumari wenye kichwa kipana utakaolibana bila kulitoboa zaidi ya tundu lake. Katika nchi ambayo mvua ya mwaka mjini Bukoba hukaribia milimita 2,000, tundu moja lililopigwa vibaya hujulikana kabla ya wiki kwisha. Chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, BNCU, kilipoanzishwa mwaka 1950, nyumba ya pembe nne yenye bati ilikuwa tayari kipimo cha heshima katika vijiji vya Kamachumu, Kanyigo na Maruku, na msonge ulikuwa umeanza kuitwa nyumba ya wazee.

Msumari ulibadili mambo mawili kwa wakati mmoja. Kwanza, ulihamisha kazi: kufunga msonge kulihitaji watu wengi waliokusanyika kwa udugu na ujirani na kulipwa chakula na lubisi, yaani pombe ya ndizi, wakati kupigilia kenchi kulihitaji seremala mmoja au wawili wenye vifaa, waliojifunza misheni au kwa fundi mwingine, waliolipwa kwa shilingi. Pili, ulihamisha maarifa ya kukaza kutoka kiganjani hadi sikioni na mkononi kwa pamoja, kwa maana msumari hushika kwa msuguano wa nyuzi za mbao zinazoubana pande zote, na seremala mzoefu hutambua kwa mlio wa nyundo kwamba kichwa kimefika na kwamba pigo moja zaidi litaumiza mbao bila kuongeza mshiko. Mbao laini iliyokatwa katika msitu wa Minziro, kaskazini mwa Bukoba, na mbao ngumu ya mti wa shambani hazilii sawa, na mwanagenzi aliyeshindwa kuzitofautisha alipasua nyingi. Hasara ya namna hii mpya ya kufunga ilionekana polepole: kilichopigiliwa hakifunguki. Msumari uking'olewa huondoka na nyuzi zilizoushika, tundu hubaki limelegea, na mbao iliyong'olewa mara mbili hufaa kuni.

Thamani ya msumari ilijulikana zaidi ulipoadimika. Majeshi ya Idi Amin yaliuvuka mpaka mwishoni mwa mwaka 1978, na vita vilivyofuata, vilivyokwisha mwaka 1979, ndivyo vilivyoufanya Mkoa wa Ziwa Magharibi ubadilishwe jina na kuitwa Kagera. Miaka iliyofuata ilikuwa ya uhaba nchini kote, na vifaa vya ujenzi viligawiwa kwa vibali pamoja na sukari na sabuni. Mwaka 1983 ilikuja kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, na mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Msumari wa zamani ulionyooshwa juu ya jiwe ulikuwa mali katika miaka hiyo. Zama hizo ziliacha alama kwenye nyumba zenyewe, kwani nyingi zilizojengwa wakati huo hazikuwa na dari kabisa.

Dari, katika nyumba ya bati, ni jambo la lazima kuliko inavyodhaniwa. Bati hutoa joto mchana, hudondosha umande alfajiri, na mvua ya Bukoba ikilipiga, mazungumzo ndani ya nyumba hukoma. Wenye uwezo walifunga mbao zilizorandwa, wengine walitandika mikeka au matete, na baadaye ikaja silingi bodi, yaani ubao mwembamba wa nyuzi za mti zilizoshindiliwa, uliopigiliwa misumari midogo kwenye fremu ya mbao za inchi mbili kwa mbili ambayo mafundi huiita blandaringi. Ubao huo ulikuwa mwepesi na uliistahimili nyundo, ingawa haukulistahimili paa linalovuja.

Jipsamu ilikuja baada ya hapo na kudai kifungo kingine. Ni madini laini ya kalsiamu salfeti yenye maji ndani yake, ambayo nchini Tanzania huchimbwa Makanya wilayani Same, Itigi na Kilwa. Yakichomwa hupoteza sehemu kubwa ya maji hayo na kuwa unga, na unga ukichanganywa na maji huganda tena kwa dakika chache. Wazo la kuugandisha ndani ya karatasi ili upatikane ubao lilianza Marekani, ambako Augustine Sackett alipata hataza yake mwaka 1894. Bodi inayouzwa sasa katika maduka ya Bukoba kwa kawaida ina upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 2.4, unene wa milimita 9 hivi kwa dari, na uzito wa kilo 20 hivi, na nguvu zake hazimo kwenye unga bali kwenye karatasi ya pande mbili. Hapa ndipo nyundo iliposhindwa. Pigo lililoumiza mbao kidogo tu katika enzi ya silingi bodi huuponda unga ulio chini ya karatasi, na msumari unaolegea baadaye, mbao ikikauka na kusinyaa, huisukuma lipu nje na kuacha vinundu darini vinavyoonekana wazi taa ikiwashwa jioni.

Skrubu haikuwa kitu kigeni. Mafundi wa misheni waliitumia kwenye bawaba na vitasa tangu mwanzo, na waliozaliwa baada yao waliijua ya bapa, yenye mfuo mmoja kichwani, na ya nyota, yenye msalaba, ambayo Henry Phillips wa Oregon aliipatia soko katika miaka ya 1930. Kilichoizuia kuchukua nafasi ya msumari ni mkono wa binadamu. Bodi moja ya mita 1.2 kwa 2.4 ikilazwa juu ya mbao zilizoachana sentimita 60, hupata mistari mitano ya kufungia, na skrubu zikiachana sentimita 20 kila mstari huchukua saba, jumla 35; nyumba ya kawaida yenye bodi 30 huhitaji skrubu zaidi ya 1,000, zote zikifungwa na mtu aliyeinua mikono juu ya kichwa. Hakuna bisibisi ya mkono iliyoweza kuifanya kazi hiyo kwa bei ambayo mwenye nyumba wa Muleba angekubali kuilipa, na kwa hiyo historia ya skrubu katika dari ni historia ya mashine yake.

Mashine hiyo ilipatikana kwa kuunganishwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya betri: Black & Decker walitoa keekee ya kwanza isiyo na waya mwaka 1961, Makita wa Japani wakafuata na yao ya kuchajiwa mwaka 1969, lakini betri za nikeli za miongo iliyofuata zilikuwa nzito na zilichoka upesi, na ni betri ya lithiamu, iliyoingizwa sokoni na Sony mwaka 1991 na kufika kwenye vifaa vya ujenzi katikati ya miaka ya 2000, iliyoifanya mashine ya kushika mkono ifanye kazi ya siku. Njia ya pili ni ya pua. Mashine halisi ya kufungia skrubu za jipsamu hutofautiana na keekee ya kawaida kwa kuwa mbele yake ina pua inayorefushwa au kufupishwa kwa kuzungushwa, na ndani yake ina klachi inayoshikana fundi anaposukuma na kuachana pua inapogusa bodi. Wakati huo mota huendelea kuzunguka, lakini ncha inayozungusha skrubu husimama. Kiasi cha kukaza, kilichokuwa kiganjani mwa mfunga msonge na sikioni mwa seremala, kimewekwa katika umbali wa milimita kati ya pua na ncha.

Umbali huo ndio jambo la kwanza la kuangaliwa katika kuchagua, na la kwanza kusahauliwa. Kichwa cha skrubu ya jipsamu hupanuka taratibu kama mdomo wa tarumbeta ili kiibonyeze karatasi bila kuikata, na kinapaswa kutua chini kidogo ya uso wa bodi, kiasi cha kufunikwa na lipu nyembamba. Kikibaki juu, mwiko utakigonga. Kikizama na kuichana karatasi, skrubu hiyo imeshika unga tu, na unga haubebi kitu, ndiyo maana dari nyingi zinazoanza kushuka katikati ya chumba hushuka bila skrubu hata moja kung'oka kwenye mbao. Mashine ambayo pua yake inalegea na kujisogeza yenyewe kazini haifai, hata iwe na jina gani, na fundi mwangalifu hulijaribu pimo kwenye kipande cha taka kabla ya kupanda jukwaani, na hulijaribu tena anapohama kutoka mbao laini kwenda ngumu, au kutoka mbao kwenda chaneli ya bati.

Kasi huja baadaye. Mashine za aina hii huzunguka mara 4,000 au zaidi kwa dakika, ilhali keekee ya betri iliyowekwa kwenye mwendo wa juu kwa kawaida haizidi sana mara 2,000, na kasi hiyo kubwa ina kazi yake, kwani ncha kali ya skrubu hutoboa karatasi kwa usafi kabla ya nyuzi zake kuanza kuuma. Mashine ya kugongagonga, inayopendwa na mafundi wa bati na vyuma kwa sababu huongeza mapigo madogo madogo pale skrubu inapokataa kuingia, haifai kwa jipsamu. Ina nguvu zinazotosha kuzamisha kichwa hadi upande wa pili kabla kidole hakijaachia kitufe. Wapo mafundi wengi wanaotumia keekee ya kawaida iliyovalishwa ncha yenye kikombe cha kuzuia kina, na kwa chumba kimoja au viwili njia hiyo inatosha na ni rahisi, ingawa haimfai anayefunga nyumba baada ya nyumba.

Uzito nao una historia yake ya mabega. Kwa kuwa kazi yote iko juu ya kichwa, tofauti ya nusu kilo inayodharauliwa dukani huonekana mchana. Betri ndogo ya ampea-saa 2 hupendelewa kuliko ile ya 5, kwa sharti kwamba ziwepo mbili, moja ikichajiwa wakati nyingine inafanya kazi. Ampea-saa ni kipimo cha kiasi cha umeme kilichomo, na volti ni kipimo cha msukumo wake, na katika volti biashara imeleta utata usio wa lazima: betri ya volti 18 na ile iliyoandikwa volti 20 ni kitu kilekile, kwa maana zote zina seli tano zilizounganishwa mfululizo, na namba ya pili huhesabiwa wakati betri imejaa, kabla haijaanza kufanya kazi. Namba kubwa zaidi zilizobandikwa kwenye mashine nyepesi zenye betri ndogo hazistahili kuaminiwa bila kuhesabu seli. Jambo la busara zaidi kuliko namba ni kuuliza kama betri hiyo inaingia kwenye mashine nyingine za fundi yuleyule, na kama ikifa itapatikana nyingine ileile Bukoba, bila kuagizwa Mwanza au Dar es Salaam.

Kuhusu umeme wenyewe, Bukoba ina hali ya pekee. Tangu miaka ya 1990 mji huu umepata umeme kupitia njia inayotoka Masaka, Uganda, na vijiji vingi vya Muleba na Bukoba Vijijini vilifikiwa baadaye kwa miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini. Lakini nyumba inayofungwa dari kwa kawaida bado haijaunganishwa, kwa kuwa nyaya hupitishwa juu ya dari hiyohiyo kabla haijafungwa na mita huja mwishoni, na mashine ya waya ingemlazimu fundi kukodi jenereta au kumwomba jirani. Betri huchajiwa usiku nyumbani kwa fundi, ikiwezekana baada ya kuachwa ipoe, kwani lithiamu huharibiwa sana na joto, na betri isiyotumika kwa miezi hudumu zaidi ikihifadhiwa na nusu ya chaji kuliko ikiwa tupu.

Skrubu zenyewe huuzwa kwa paketi au kwa kuhesabiwa, tofauti na misumari inayopimwa kwa kilo, na hili limewafanya baadhi ya wajenzi kuziona ghali na kupunguza idadi. Urefu wa milimita 25 hutosha bodi moja. Zenye nyuzi zilizoachana ni za mbao, na zenye nyuzi zilizobanana ni za chaneli nyembamba ya bati. Rangi yake nyeusi hutokana na fosfeti, mipako inayozuia kutu kwa kiasi kidogo tu, ya kutosha ndani ya nyumba kavu. Karibu na ziwa, katika Nyamukazi au Kemondo, na popote ambapo paa lina tundu, doa la kahawia hupenya rangi nyeupe ya dari na kuonyesha kila kichwa kilipo; kwa bafu, jiko na baraza, skrubu zilizopakwa zinki zingefaa zaidi, na tofauti ya bei ni ndogo kuliko gharama ya kupaka rangi upya.

Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lililokuwa na ukubwa wa 5.9, liliua watu zaidi ya 15 na kubomoa au kupasua maelfu ya nyumba, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zikafungwa kwa uharibifu uliozipata. Uzito wa kuta za tofali na udhaifu wa saruji yake ndio uliojadiliwa zaidi, kwa haki. Lakini ujenzi mpya uliofuata uliongeza kasi ya matumizi ya mashine za skrubu, na pamoja nayo likaja kosa ambalo halina budi kutajwa. Fundi aliyezoea wepesi wa mashine hushawishika kuifungia kenchi na papi kwa skrubu zilezile nyeusi. Chuma chake kimefanywa kigumu ili ncha isijipinde, na ugumu huo huambatana na wepesi wa kuvunjika: nguvu inayotoka upande, kama ile ya upepo mkali au ya ardhi inayotikisika, huikata skrubu pale ambapo msumari wa inchi nne ungejipinda tu na kuendelea kushika. Katika kenchi msumari haujapata mrithi wake kwenye paketi ya skrubu za jipsamu.

Darini, kwa upande mwingine, skrubu imerudisha uwezo uliopotea tangu kamba ilipoachwa. Bodi iliyolowa chini ya bati linalovuja inaweza kuondolewa peke yake: fundi hupitisha sumaku ndogo juu ya rangi ili avipate vichwa vilivyofunikwa, hukwangua lipu iliyojaza msalaba wa kila kimoja, hugeuza mwelekeo wa mashine na kubonyeza kitufe taratibu, pua ikiwa imeondolewa kwa sababu katika kufungua haina kazi. Ncha iliyochakaa huteleza na kuharibu msalaba, na skrubu ya namna hiyo haitoki tena ila kwa koleo, hivyo ncha mpya, ambayo bei yake ni ndogo kuliko vyote vilivyotajwa hapa, huwekwa kabla ya kazi hiyo kuanza. Bodi mpya hufungwa sentimita chache kando ya matundu ya zamani, na tundu la paa huzibwa kwanza.